Inakatika Tukisema Pamoja

"Mkalimani, rudia hapo. Vidonge vingapi?"

Mkalimani alikuwa ameshasema. Alisema kwa ufasaha na kwa sauti iliyotulia kwamba mgonjwa anameza kidonge kimoja asubuhi na nusu jioni. Lakini kilichomfikia daktari kilikuwa "kimoja", kisha mkwaruzo, kisha "jioni". Akarudia. Daktari hakumsikia akianza, naye akaanza kuuliza upya, sauti zao zikagongana na zote mbili zikavunjika vipandevipande. Mgonjwa, mama wa makamo aliyeketi hospitali mbele ya skrini, akabaki kumkodolea macho daktari wake.

"Basi, mama huyu tutaonyeshana vidole," daktari akasema, akakata.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwanamke huyu. Madaktari walisema Kiswahili, wagonjwa fulani walisema lugha aliyozaliwa nayo yeye, na yeye alikaa katikati, ndani ya chumba kilichokuwa stoo, akiyabeba maneno huku na huku kwa njia ya intaneti. Hakusubiri mtu amalize sentensi. Sikio lilisikiliza huku ulimi ukifasiri, vyote kwa wakati mmoja, na wanaoweza hivyo si wengi. Alijua kwamba anaiweza kazi hiyo, na hakuona sababu ya kujifanya hajui.

Simu ikaita. Alikuwa msimamizi wake, mwanamke asiyependa kuzungusha maneno.

"Dada, lugha unaijua, sauti yako naipenda, wagonjwa wanakuulizia kwa hamu. Lakini laini yako inatuaibisha. Leo dawa, kesho upasuaji. Kesho asubuhi nitakaa nikusikilize mwenyewe kipindi kizima. Ikikatika, ile nafasi ya kudumu nampa mwingine. Sina kinyongo na wewe, lakini hapa tunazungumzia roho za watu."

"Haitakatika," akajibu mkalimani.

Alijibu kwa ujasiri wote, kisha akakumbuka kwamba hajui kwa nini inakatika. Nafasi hiyo ya kudumu aliisubiri tangu alipoanza kama kibarua wa kuitwa mara mojamoja, na tangu kazi za mumewe zisimame, mshahara huohuo ndio uliokuwa unaiwasha taa ya nyumba.

*

Mumewe alikuwa fundi umeme wa majengo makubwa, na mji mzima ulimwita Kaza. Jina lilitokana na kauli yake saitini: "Kaza! Kaza tena!" Kwa Kaza, adui wa mwanadamu ni kitu kilicholegea. Kila skrubu aliyoimaliza aliidondoshea tone la rangi nyekundu, kama wafanyavyo mafundi wa mitambo: ukiona rangi, hapa pamekazwa, usiguse. Wenzake walifanya hivyo kazini tu. Kaza aliileta desturi hiyo mpaka nyumbani. Bawaba za milango zilikuwa na tone, miguu ya kitanda ilikuwa na tone, na hata plagi ya waya wa intaneti iliyochomekwa nyuma ya kompyuta ya mkewe ilikuwa nalo, dogo, limekauka vizuri.

Kompyuta hiyo aliifunga mwenyewe, akaiwekea nywila aliyoijua peke yake, ili pasiwe na mtu wa kuja kuivuruga. Mkewe aliwahi kuiomba nywila. Akaambiwa, "Ya nini, na kila kitu kipo sawa?" Na kweli, wakati ule kila kitu kilikuwa sawa. Mambo yaliharibika baada ya kampuni ya intaneti kupita mtaani ikibadilisha ruta za watu wote, ikachukua zile nyeusi za zamani na kuacha nyeupe mpya. Kwa hiyo nyumba nzima ilikubaliana kwamba mchawi ni ile nyeupe.

"Nimewaita," Kaza akasema. "Waje waichukue takataka yao."

Aliyekuja alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye ngazi begani na mkoba wa vifaa kiunoni. Alipima waya wa nje, akapima wa ndani, kisha akauchomoa ule uliokuwa kwenye kompyuta ya mkalimani na kuuchomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi. Akapiga simu ya video ofisini kwao. Wakaongea, wakacheka, wakakatizana, na picha haikutetemeka hata kidogo.

"Laini yenu haina tatizo, kaka."

"Haina tatizo kwenye kompyuta yako," Kaza akasema.

"Ndiyo maana nataka niiangalie hii yenu. Kadi ya mtandao, ile inayopokea waya huu, mmeiwekaje?"

"Imewekwa sawasawa."

"Sina shaka. Naomba tu nywila niione."

"Dada, wewe ni mtu wa laini. Kompyuta hujaitiwa." Kaza akaionyesha plagi kwa kidole. "Unaliona hilo tone? Maana yake fundi ameshapita."

Mtaalamu akainama, akalitazama tone kwa heshima zote. "Hata mimi ni fundi, kaka, na rangi haijawahi kunitisha." Akaandika namba yake pembeni mwa boksi la ruta, akabeba ngazi, akaaga. Mkalimani alimsindikiza mpaka mlangoni kichwa kikiwa kimemwinamia kwa aibu.

Aliporudi hakuinua sauti. "Kwa nini hukumpa nywila?"

"Akivuruga je?"

"Imeshavurugika, Kaza!"

"Simu zetu je? Si zinacheza video humuhumu ndani bila kukwama? Basi tatizo ni waya. Nakwenda kununua mwingine."

Mkewe alimtazama akivaa viatu. Simu zilipokea intaneti ya hewani na kompyuta ilipokea ya waya, kwa hiyo maneno ya mumewe yalikuwa na sura ya mantiki, ingawa mtaalamu alishautumia waya uleule bila kukwama, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kaza alileta waya mpya, mzito, akapanda darini, akaupitisha, akaukaza, akautia rangi. Sauti ikaendelea kukatika vilevile.

*

Alasiri ile mkalimani alikuwa na mgonjwa mmoja aliyebaki kwenye zamu, na hakutaka kushindwa mara ya pili siku hiyohiyo. Akaenda saluni ya jirani. Msusi, mwanamke mwenye moyo kunjufu na mdomo mpana kuliko moyo, alikuwa na kompyuta ya kupokelea wateja na intaneti nzuri.

"Kaa hapo kwenye kona, shoga yangu. Nitawaambia hawa wanyamaze."

Wateja wakanyamaza, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Sheria ya ukalimani ni kwamba mgonjwa akisema "mimi", na mkalimani husema "mimi". Mgonjwa alikuwa mzee wa kiume, mwenye soni, aliyeanza kwa kuzungukazunguka kisha akalitoa lote kwa mkupuo. Mkalimani, kwa mazoea ya kazi, akalitoa hivyohivyo kwa Kiswahili safi:

"Nakojoa damu, daktari. Sasa ni kila siku."

Mashine ya kukaushia nywele ikazimwa.

"Pole, dada," mteja mmoja akasema kwa huruma ya kweli.

"Mke wangu sijamwambia," mkalimani akaendelea, kwa sababu mzee alikuwa anaendelea.

"Mke?" sauti nyingine ikanong'ona. Kicheko kikaponyoka mahali, kikafunikwa na kiganja.

Mkalimani akahisi uso unamwaka. Hakuona haya kwa ajili yake, ila kwa ajili ya yule mzee, aliyekuwa anaamini kwamba maneno yake yanaingia katika chumba chenye mlango uliofungwa. Alijua akinyanyuka hapo atakuwa ameikataa zamu, na kesho ndiyo siku ya kusikilizwa. Akavuta pumzi.

"Daktari, anayesema sasa ni mkalimani, si mgonjwa. Mahali nilipo kuna masikio mengine. Siwezi kuendelea. Naomba mgonjwa apewe mkalimani mwingine, na mwambie kosa si lake."

Akamweleza na mzee kwa lugha yao, akamwomba radhi, akafunga. Msusi akabaki na kitana mkononi. "Jamani, si tungeziba masikio tu!" Lakini mkalimani alikuwa ameshafika mlangoni. Heri kazi imtoke kuliko kumvua mgonjwa nguo mbele ya watu.

Maneno ya saluni yana miguu mirefu. Alipofika nyumbani, mama mkwe wake, aliyeishi nao na kuitwa Bibi na mtaa mzima, alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni.

"Mkwe, nimeletewa habari. La kwanza, nasikia unaumwa kibofu. La pili, nasikia una mke."

Mkalimani alitaka kulia, akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na Bibi, asiyejua kichekesho ni kipi, akacheka naye.

*

Jua lilipopungua makali, mkalimani aliingia chumbani kwake akafunga mlango, akavaa vipokea sauti. Kichwa kilikuwa kimetulia. Kutwa nzima wengine ndio waliokuwa wakishughulika na waya, ngazi na rangi. Yeye ujuzi wake ulikuwa masikio, na hakuwa ameyatumia.

"Kaza!" akaita. "Chukua simu yako, nenda jikoni, unipigie kwenye kompyuta. Tuongee lolote."

Kaza akapiga. Alikuwa mtu aliyezoea saiti: husema neno lake akanyamaza, akasubiri lako. Waliongea juu ya kuni, juu ya paa, juu ya mvua itanyesha au haitanyesha. Maneno yote yalifika yakiwa mazima.

"Umeona?" Kaza akasema kwa furaha. "Waya wangu mpya huo!"

Hapo Bibi akampokonya simu. Bibi hakuwahi katika maisha yake kumngoja mtu amalize. Ukimwambia habari za asubuhi, yeye alikuwa ameshafika mchana. "Mkwe, hiyo habari ya saluni," akaanza, na mkalimani akajibu, "Mama, ngoja nikueleze," na papo hapo mkwaruzo ukarudi. Sauti ya Bibi ikawa vipande.

Mkalimani akanyamaza ghafla. Sauti ya Bibi ikanyooka.

Akaongea tena. Ikavunjika. Akanyamaza. Ikanyooka.

"Mama, sasa wewe nyamaza, niseme mimi peke yangu. Halafu uniambie kama nilikatika."

"Mimi ninyamaze? Nyumbani kwangu?"

"Kidogo tu, mama yangu."

Bibi akanyamaza, jambo ambalo Kaza alilisimulia kwa miaka mingi baadaye. Mkalimani akahesabu siku za juma, miezi ya mwaka, na mataifa ya jirani. Bibi akathibitisha kwamba amesikia yote na kwamba mataifa mengine ameyasahau.

Mkalimani akavua vipokea sauti, akatoka mpaka jikoni. "Nikisema peke yangu, haikatiki. Nikisikiliza tu, haikatiki. Inakatika tukisema pamoja. Si waya, Kaza. Waya mbovu hauchagui."

"Kama redio ya saiti," Kaza akasema bila kufikiri. "Unabonyeza ndipo useme, ukiachia ndipo usikie. Wawili mkibonyeza pamoja, inakuwa fujo tupu..."

Hakumaliza. Alikitazama kidole chake kilichokuwa kinabonyeza redio isiyokuwepo. Uso wake ulibadilika rangi, akavuta kigoda akakaa.

"Nini?" mkewe akauliza.

"Ile ruta nyeusi, ya zamani. Ilikuwa inasumbua kuelewana na kompyuta. Nikaingia ndani, pande zote mbili, ruta na kompyuta. Nikaziondoa kwenye otomatiki, nikazilazimisha kwa mkono. Ziongee pande mbili kwa pamoja, moja kwa moja. Zikatulia. Halafu nyeusi ikaondoka. Upande wa kompyuta sikuugusa."

"Ndicho alichokuuliza yule dada."

"Ndicho."

"Ukamwonyesha tone la rangi."

Mkewe alikuwa na hasira, hasira halali kabisa, na alikuwa na maneno mazuri ya kuisindikiza. Bibi, akiwa jikoni hapohapo, akamwahi: "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Mpigie yule dada wa watu." Alikuwa anamwambia mwanawe.

Kaza akaenda kwenye boksi la ruta, akaisoma namba, akapiga. Aliiweka simu kwenye spika ili mkewe asikie, na hilo peke yake lilikuwa ni kuomba radhi.

"Dada, ni yule kaka wa rangi nyekundu."

"Nilikuwa nakusubiri," mtaalamu akasema, huku akitafuna kitu. "Umeweka kwa mkono, eh?"

"Nimeweka kwa mkono."

"Basi sikiliza. Ruta mpya ikiona waya, inapiga hodi: wewe mwenzangu, tuongee vipi? Kompyuta yako umeikataza kujibu hodi. Kimya. Ruta ikiona kimya inajihami, inachukua mwendo wa zamu, mmoja aseme, mwingine angoje. Kompyuta yako haijui habari ya zamu, inamwaga tu maneno. Wanagongana mlangoni. Neno linalogongwa linapotea."

"Kwa hiyo niikaze na ruta nayo ifanane?"

"Ruta ya kampuni huwezi kuingia. Legeza upande wako, kaka. Irudishe kwenye otomatiki, zitaelewana zenyewe."

"Nilegeze," Kaza akarudia. Lilikuwa neno gumu kwa mtu aliyekula jasho la kukaza ujana wake wote. "Na... samahani kwa ya mchana."

"Ya mchana yalikuwa mchana. Msalimie shemeji."

Waliingia chumbani wote watatu. Kaza aliandika nywila polepole, akiitaja herufi moja moja ili mkewe aishike. Wakaifikia kadi ya mtandao, na hapo palikuwa vile alivyopaacha: pande mbili, kwa lazima. Akachagua otomatiki. Taa ya ruta ikazimika, wote wakazuia pumzi, kisha ikawaka.

"Mama, chukua simu," mkalimani akasema.

Bibi hakuhitaji kubembelezwa. Alianzia saluni, akapitia ugonjwa wa kibofu wa marehemu shemeji yake, akaishia kwenye chumvi iliyozidi juzi, na mkwewe akamjibu hoja kwa hoja bila kumngoja. Wakagombana kwa raha. Hakuna neno lililoanguka. Tangu aolewe, hiyo ndiyo mara ya kwanza mkalimani alishukuru kumsikia mama mkwe wake kikamilifu.

*

Asubuhi msimamizi aliingia kwenye laini, akasalimia, akazima sauti yake. Mkalimani alifunga mlango. Nje, Kaza na Bibi walikaa uani, hakuna aliyegusa chai.

Waliounganishwa walikuwa daktari, nesi, na mama kijana aliyempakata mtoto mwenye homa kali. Daktari alikuwa na haraka. Alieleza kifua cha mtoto kina nini, kwamba atachomwa sindano sasa hivi, na jina la dawa ni lipi. Mkalimani alikuwa nyuma yake kwa neno moja tu, akimfasiria mama. Nesi alikuwa ameshalishika bomba la sindano.

Mama alipolisikia jina la dawa hakungoja. Akaanza kusema juu ya sauti ya daktari, juu ya sauti ya mkalimani, kwa haraka na kwa machozi, huku mtoto akilia. Zilikuwa sauti nne kwa pamoja. Jana zingekuwa mkwaruzo mtupu. Leo mkalimani alizisikia zote, kila moja mahali pake, na ulimi wake ukageuka katikati ya sentensi.

"Daktari, simama! Mama anasema mtoto alishachomwa dawa hiyo, akavimba uso na koo, akashindwa kupumua. Anasema nusura afe."

"Nesi, acha," daktari akasema. "Acha. Weka chini."

Nesi akaliweka bomba chini. Kisha daktari akauliza swali, taratibu sasa, mama akajibu, dawa nyingine ikaandikwa, mtoto akachomwa, akalia kilio cha kawaida cha mtoto aliyechomwa sindano. Mama akamwambia mkalimani kitu ambacho hakikuwa cha kufasiriwa. Alimwombea tu.

Hospitali ilipoondoka kwenye laini, mkalimani alivua vipokea sauti, akavichomoa. Alikuwa na furaha kubwa, na hofu iliyochelewa. Akaufungua mlango apate hewa, na Kaza alikuwa amesimama hapohapo, macho yakiuliza. Sauti ya msimamizi ikatoka kwenye kompyuta.

"Dada, upo? Nilishika kalamu niandike kila itakapokatika. Karatasi ni nyeupe." Kisha sauti yake ikawa na unyevu. "Nami nina mtoto wa umri ule. Nafasi ni yako, kuanzia leo. Lakini niambie, jana ilikuwa vile, leo iko hivi. Nani amekutengenezea laini?"

"Mume wangu," mkalimani akasema.

Kaza akaingia, akainamia maikrofoni.

"Mwambie na aliyeiharibu ni nani."